Picha ya Saa Sita Mchana

Msimu wa maua ya mdanzi, ule mchungwa wa matunda machungu, ulipofika, nyumba ya kina Ibtihal mjini Nabeul ilinukia kuliko duka la marashi. Kila Jumapili alfajiri mama yake, Wahida, alijifunga kitambaa kichwani, akachukua shuka kuukuu la kutandika chini ya miti, akaenda mashambani kuchuma maua pamoja na wanawake wengine wa mtaa. Baba alikuwa dereva wa lori la vyungu, na wiki ile alikuwa safarini Sfax. Ibtihal, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alibaki nyumbani. Alifagia ua, akaosha chupa za kutilia maji ya maua, akamwangalia mdogo wake Iyad.

Kumwangalia Iyad hakukuwa kazi ngumu ukizijua njia zake. Alikuwa na miaka saba. Mkate wake ulipakwa mafuta ya zeituni upande mmoja tu, na harisa, ile pilipili nyekundu ya kusaga, isiguse hata sahani ya aliyeketi karibu naye. Viatu vyake vilipangwa vikitazama mlango. Masikioni alivaa vifunika-masikio vikubwa vya bluu, kama vile vya mafundi wa kukata vyuma. Daktari alisema Iyad ana usonji, na mama alilieleza jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe.

"Wewe ukisikia pikipiki, imepita barabarani," alimwambia Ibtihal. "Yeye akiisikia, imempita katikati ya kichwa."

Iyad aliongea kidogo lakini alihesabu sana, na alichopenda kuhesabu kuliko vyote ni matone. Mama alipopika maua ndani ya chungu cha shaba chenye shingo ndefu, mvuke ulipanda, ukapoa, ukadondoka ndani ya chupa tone baada ya tone. Iyad aliweza kukaa mbele ya chupa ile tangu adhuhuri hadi alasiri, ametulia, uso wake unang'aa. Mama hakuwa na haja ya saa. Alimwuliza, "Mangapi?" naye akamtajia.

Jumapili hiyo, kabla ya kutoka, mama aliiacha simu yake juu ya meza.

"Leo ni zamu yetu," alisema. "Ukiweza, mpige Iyad picha nzuri uitume kwenye kikundi. Lakini mwulize kwanza kama anataka, sawa binti yangu?"

"Sawa, Mama."

Kikundi hicho kiliitwa Kama Tulivyo. Kilikuwa cha kwenye simu tu. Ndani yake mlikuwa na wazazi wa watoto wenye usonji kutoka Tunis, Gabes, Sousse, hata Aljeria na Misri, na mlikuwa pia na watu wazima ambao wenyewe wana usonji. Mama hakuwahi kukutana na hata mmoja wao, lakini usiku Iyad alipokuwa halali, hao ndio waliomwambia, "Tuko macho pamoja nawe." Kila mwaka mwezi wa Aprili walifanya sherehe yao. Kila siku familia moja ilituma picha ya mtoto wao na kusema jambo moja wanalojivunia, na wengine wote wakajibu kwa mioyo, maua na vigelegele.

Ibtihal alipenda kuisoma sherehe hiyo. Ni mtu mmoja tu humo ambaye Ibtihal hakumpenda. Aliitwa Naufal, kijana wa Gabes mwenye usonji, ambaye hakutuma mioyo wala maua. Aliandika maneno machache makavu. Mwaka uliopita, wote walipoisifu picha ya Iyad, yeye aliandika: "Anaonekana amechoka." Ibtihal alikasirika. Mama alicheka tu. "Kwani alikuwa hajachoka?"

Mwaka huu Ibtihal alitaka picha ambayo hata Naufal asingepata la kusema. Tena alikuwa na sababu nyingine, ambayo hakumwambia mtu.

Jana yake alikuwa ameenda na Iyad kununua mkate. Ghassan, mtoto wa mwoka mikate, alimwona Iyad na vifunika-masikio vyake, akapiga saluti.

"Rubani huyo! Rubani, leo unarusha ndege kwenda wapi?"

"Mwambie aniwekee kiti cha dirishani!" alidakia mwingine.

Watoto kwenye foleni waliangua kicheko. Ibtihal alizoea kicheko cha Ghassan. Lakini safari hii alicheka pia Siwar, rafiki yake wa dawati moja. Siwar alijiziba mdomo upesi, ila Ibtihal alikuwa ameshaona. Alirudi nyumbani akimvuta Iyad mkono, na mkate mkononi ukapoa bila kumegwa hata kipande.

Kwa hiyo saa sita mchana, Ibtihal alimketisha Iyad uani, ambapo jua lilipiga ukuta mweupe. Alimvisha fulana yake ya njano. Akamchana nywele.

"Sasa vua hivi. Dakika moja tu."

Iyad alivishika vifunika-masikio kwa mikono miwili. "Hapana."

"Picha moja, Iyad. Uonekane kama watoto wengine."

"Hapana. Hapana. Hapana."

Ibtihal alivivuta. Iyad aliyaziba masikio kwa viganja akaanza kuyumba mbele na nyuma. Vifunika-masikio vilipokuwa juu ya meza, macho yake hayakutoka hapo, na picha hazikufaa. Basi Ibtihal akaviingiza ndani ya mtungi wa kuskusi, zile punje za ngano za kupika, jikoni, akaufunika. Aliporudi, njiwa alikuwa ametua ukutani. Iyad aliinua uso kumtazama, mikono ikashuka kidogo. Ibtihal akabonyeza.

Ilikuwa picha nzuri. Mtoto mzuri, fulana ya njano, ukuta mweupe, njiwa. Aliituma na kuandika: "Huyu ni Iyad wetu."

Mioyo ilianza kumiminika. "Mashallah!" "Kijana mtanashati!" "Hata huwezi kujua ana usonji!" Ibtihal aliegemea mlango wa jikoni, akasoma, akatabasamu, akasoma tena. Mtungi wa kuskusi ulikuwa nyuma yake. Alisema moyoni, nitavitoa sasa hivi, nikimaliza kusoma hili moja tu.

Ndipo arusi ilipopita.

Ilikuwa ni watu wa barabara ya pili wakipeleka vyombo vya bibi arusi. Mbele lilikuja lori dogo limebeba magodoro na mito, juu yake wapiga ngoma wawili na mpuliza zumari, nyuma yake magari saba yakipiga honi kwa pamoja. Kichochoro kilikuwa chembamba, na sauti ile iligonga kuta zikatetemeka. Iyad alipiga kelele moja, ndefu, ambayo Ibtihal hakuwahi kuisikia. Ibtihal alipoiacha simu na kukimbilia uani, mlango wa nje ulikuwa wazi.

Alitoka. Kichochoro kilikuwa kimejaa watu wanaocheza, wanawake wakipiga vigelegele, watoto wakidaka peremende. Alitafuta rangi ya njano kulia, akatafuta kushoto. Hakuiona.

"Iyad! Iyad!"

Hakuna aliyemsikia.

Aliangalia darini. Aliangalia chini ya vitanda, nyuma ya kabati, ndani ya chumba cha vyungu vya Baba. Alirudi kichochoroni akakimbia hadi mwisho, akarudi tena. Lori la arusi lilikuwa limeshaondoka, na mahali pake palibaki karatasi za peremende tu. Hapo ndipo akamwona mama yake anakuja, furushi la maua kichwani, anatabasamu kwa uchovu.

"Mama, Iyad hayupo."

Furushi lilianguka. Maua meupe yalimwagika juu ya mawe.

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Nusu saa. Sijui."

Mama alimshika mabega. "Nisikilize. Alikuwa amevaa vifunika-masikio vyake?"

Lilikuwa swali dogo. Ibtihal aliyaona macho ya mama yake yalivyofunguka, akauona mtungi wa kuskusi, akaiona mikono yake mwenyewe inavuta.

"Ndiyo," alisema.

Mama aligeuka kutazama njia ya mashambani. Kisha uso wake ukawa mweupe kama yale maua chini.

"Kama anavyo, hakukimbia arusi. Ametoka kwa hiari yake, anafuata kitu anachokipenda." Akajishika kifua. "Ya Rabi. Birika!"

Kule mashambani kulikuwa na birika la kumwagilia midanzi, lenye kina cha mara mbili ya kimo cha mtu mzima. Bomba lake lilidondosha maji mchana kutwa. Kiangazi kilichopita walimkuta Iyad ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, anahesabu.

"Wewe baki hapa," mama alisema, na sauti yake haikuwa ya mama tena, ilikuwa ya mtu anayekimbia. "Akirudi asikute mlango umefungwa. Shika simu. Waandikie kikundi, watuombee." Akaenda, bila viatu.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Mtoto akipotea hakuna anayebaki ndani. Jirani yao mfinyanzi, Ami Bashir, alitoka na udongo mikononi, akachukua kinu cha shaba cha mkewe, akakigonga kwa mchi: ngaa! ngaa! ngaa! Wanaume walitoka kwenye karakana, vijana wakatoka mkahawani. Watoto walikimbia makundi makundi, wakipaza jina. Punde kipaza sauti cha msikiti kikakohoa, kikasema: "Enyi watu wa heri, amepotea mtoto Iyad, miaka saba, amevaa fulana ya njano. Atakayemwona amlete kwao." Ikarudiwa mara tatu, na kuta zikairudia tena.

Ibtihal alikaa kizingitini, simu mkononi, akaandika kama alivyoambiwa. "Iyad amepotea. Fulana ya njano. Amevaa vifunika-masikio vyake. Tuombeeni." Alipofika kwenye neno "amevaa" alisita, lakini akaliandika. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshatangulia, huu wa pili uliufuata wenyewe.

Majibu yalikuja mbio. Dua, machozi, maswali. Kisha ujumbe mmoja ukaingia, mkavu, bila ua wala moyo.

"Kwenye picha ya saa sita hakuwa navyo."

Ibtihal aliibana simu kifuani. Alitazama huku na huku kama mwizi. Kichochoro kilikuwa kitupu. Simu ilikuwa mkononi mwake peke yake, na mama hakuwa ameona kitu. Angeweza kuifuta picha. Angeweza kuandika, "alivivaa baadaye." Naufal angejuaje, yuko Gabes?

Ujumbe wa pili ukaingia.

"Kama hana, amekimbia kelele. Je, mnamwita kwa sauti kubwa?"

Kule mbali kinu kililia: ngaa! ngaa! Msikiti ulianza kutangaza upya.

"Nilipokuwa na miaka minane nilijificha chini ya gari. Baba aliniita. Nilimsikia. Sikuweza kutoka. Kila alivyoita nilizidi kuingia ndani. Nyamazeni. Mtafuteni mahali palipo kimya kuliko pote."

Ibtihal aliusoma mara mbili. Kisha akaielewa hofu yake vizuri, na ilikuwa hofu ya aina mbili. Moja ilisema: ukisema kweli, mama hatakutazama tena kama zamani. Nyingine ilisema: usiposema, mtaa mzima unamfukuza Iyad kwa kinu cha shaba, na unamtafuta majini ambako hayupo, au yupo kwa sababu mmemsukuma huko. Aliingia jikoni, akauzamisha mkono ndani ya kuskusi hadi kwenye kiwiko. Vifunika-masikio vilitoka vimejaa punje. Akavikung'uta, akakimbia.

Alipofika birikani, watu walikuwa wamelizunguka. Ami Bashir alikuwa amevua viatu na kukunja suruali. Vijana wawili walichokoa maji kwa mti mrefu wenye ndoano. Mama alisimama ukingoni, ameshikwa na wanawake wawili. Maji yalikuwa ya kijani, hayaonyeshi chini. Siwar naye alikuwepo, analia.

Ibtihal alisimama nyuma ya watu. Alivificha vifunika-masikio chini ya sweta. Nitasema, aliwaza. Nitasema huyu akiondoka mbele yangu. Nitasema nikihesabu kumi.

"Imeshika kitu!" alipiga kelele mmoja wa vijana. "Ni cha njano!"

Mama hakulia. Alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni, akakaa chini. Watu wakasema kwa pamoja jina la Mungu. Mti ulivutwa polepole, polepole, na kitu cha njano kikapanda kutoka kwenye ukijani, kizito, kinachuruzika.

Kilikuwa mfuko wa mbolea.

"Hakuwa navyo!" Ibtihal alijisikia akipiga kelele. "Mama, hakuwa navyo!"

Watu waligeuka. Alipita katikati yao, akaviweka vifunika-masikio mapajani mwa mama yake.

"Nilimvua mimi. Kwa ajili ya picha. Nikavificha kwenye mtungi, arusi ikapita, akakimbia. Nilikudanganya."

Mama alivitazama. Akaokota punje moja ya kuskusi iliyonasa humo. Hakumpiga. Ibtihal alimnyooshea simu. Mama akasoma aliyoandika Naufal, akainuka.

"Ami Bashir, acha kinu."

"Niache kinu?" Ami Bashir aliuliza, mchi uko hewani. "Binti yangu, tangu enzi za babu yangu mtoto hutafutwa kwa sauti!"

"Iyad anaikimbia sauti. Huyu Naufal anasema tunyamaze."

"Naufal yupi? Yuko wapi huyo?"

"Gabes."

"Gabes! Mtu yuko Gabes, anatuambia sisi wa Nabeul tufunge midomo?"

"Ami, huyo mtu ni kama Iyad," mama alisema, na sasa machozi yalimtoka. "Yeye anajua chini ya gari kukoje. Mimi na wewe hatujui. Nakuomba."

Ami Bashir alikitazama kinu, akamtazama mama. Akakiweka chini nyasini taratibu, kana kwamba kimelala. "Haya. Nani anaenda msikitini kuwaambia?"

"Mimi nakwenda kwa wenye arusi," alisema Siwar, akifuta kamasi kwa mkono wa nguo. "Nitawaambia wasipige ngoma." Akaondoka mbio kabla hajajibiwa.

Wakarudi mtaani wakitembea kama watu wanaotoka maziko. Neno lilipita mdomo kwa mdomo, kwa kunong'ona. Msikiti ulinyamaza. Redio za mkahawani zikazimwa. Karakana zikaacha kugonga. Ngoma ya arusi, kule barabara ya pili, ilikatika katikati ya pigo. Ibtihal hakuwahi kuusikia mtaa wake ukiwa hivyo. Alisikia mbawa za njiwa. Alisikia mlango ukilia mbali. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ncha ya mnara, na baridi ya jioni ilianza.

Mahali palipo kimya kuliko pote. Alisimama katikati ya kichochoro, akafumba macho, akajaribu kuwa Iyad. Kichwa kinauma. Honi. Zumari. Kila nyumba ina runinga, kila nyumba ina mtu anayeita mtu. Ni nyumba gani haina?

Alifumbua macho.

"Mama," alinong'ona, "nani amebisha kwa Lella Mannubia?"

Watu walitazamana. Lella Mannubia alikuwa bibi kizee wa nyumba ya mwisho, mwenye mlango wa kijani. Masikio yake yalikuwa hayasikii tangu miaka mingi. Hakuwa na redio, hakuwa na runinga. Siku zote hakuna aliyebisha kwake, maana kuna faida gani kumbishia asiyesikia?

"Mimi nilipita hapo mara tatu," alisema Ami Bashir kwa sauti ndogo. "Nikigonga kinu."

Mlango wa kijani ulikuwa umeegeshwa tu. Mama aliusukuma. Ua ulijaa harufu ya maua. Lella Mannubia aliketi kwenye kibao kando ya chungu chake cha shaba, anapepea moto kwa kipande cha boksi. Aliwaona, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Karibuni! Mbona mko wengi hivyo? Kuna msiba?"

"Iyad amepotea, Lella!" mama alisema, akionyesha kwa mikono.

"Nani?"

"Iyad!"

"Iyad hajapotea," bibi alisema kwa mshangao. "Yuko hapa tangu mchana. Ana kazi."

Nyuma ya chungu, kwenye kona kati ya ukuta na pipa, Iyad alikuwa amejikunyata, magoti kidevuni. Viganja vilikuwa juu ya masikio, vimebana mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Kando yake palikuwa na mkate wenye mafuta ya zeituni, upande mmoja. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa chupa. Tone. Tone. Tone.

Mama alitaka kumrukia. Ibtihal alimshika nguo. Yeye mwenyewe alipiga magoti, mbali kidogo, akavisukuma vifunika-masikio sakafuni taratibu hadi vikagusa kidole cha mguu cha mdogo wake. Hakusema kitu. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa birikani.

Iyad alivitazama kwa muda mrefu. Akavichukua. Akavivaa, akavikaza, akashusha mikono, na mabega yake yakashuka pia kama mtu aliyetua mzigo.

"Elfu moja mia mbili na sita," alisema.

Kisha akasogea kidogo ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Ibtihal akakaa hapo.

Usiku huo hapakuwa na kelele nyumbani. Baba alipiga simu kutoka Sfax, akaambiwa yote. Iyad alilala mapema, vifunika-masikio viko kando ya kichwa chake. Mama alikaa jikoni na Ibtihal wakichambua maua yaliyookotwa njiani.

"Utanipiga, Mama?"

"Nilitaka, kule birikani." Mama alitupa ua lililokanyagwa. "Unajua nilikuuliza swali lile kwa nini? Lilikuwa taa yangu. Ungesema hapana, ningejua amekimbilia kimya. Uliposema ndiyo, ulinizimia taa, nami nikakimbilia majini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Leo nimeogopa, mwanangu, kwamba ni fupi kwako lakini ni ndefu kwa mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye anayeweza kufia njiani."

Ibtihal alilia. Mama alimwacha alie, kisha akamsogezea kitambaa.

"Lakini ulisema kweli mbele ya watu wote, na miguu yako niliiona inavyotetemeka. Hilo nalo sitalisahau." Akaokota ua jingine. "Na mimi nina langu. Mwaka ule wa kwanza, watu walipouliza kwa nini Iyad anavaa vile, nilikuwa nawaambia anaumwa masikio. Niliona aibu. Labda aibu uliyovaa leo niliishona mimi. Tuivue wote wawili. Mtu akimpenda mtoto baada ya kumvua kitu kinachomsaidia, hajampenda huyo mtoto, amempenda mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Asubuhi, kabla ya shule, Siwar alibisha hodi kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayebisha kwa mgonjwa. Alisimama kizingitini anazungusha kifungo cha sare.

"Ile juzi kwa mwoka mikate," alisema, "nilicheka. Sikupaswa kucheka."

"Ndiyo," alisema Ibtihal. "Iliniuma." Kisha akafungua mlango zaidi. "Ingia. Lakini usipige kelele."

Iyad alikuwa uani, mbele ya chupa ya mama. Ibtihal alichuchumaa mahali anapoweza kumwona, akainua simu. "Iyad, unataka picha?"

Iyad alifikiri. "Na chupa," alisema.

Basi akapigwa picha pamoja na chupa, na chungu, na vifunika-masikio vyake vya bluu vyenye punje moja ya kuskusi iliyokataa kutoka. Hakutazama simu. Alitazama tone. Ibtihal alifuta picha ya jana, akatuma hii, na chini yake akaandika yote: alichofanya, alichodanganya, na nani aliyemsaidia. Mwisho akaandika: "Huyu ni Iyad wetu. Jana alihesabu matone elfu moja mia mbili na sita bila kukosea."

Mioyo ikaanza kuja. Ibtihal hakuihesabu. Alisubiri jibu moja tu, na lilichelewa mpaka alipokuwa amekwisha kuvaa mkoba.

"Sasa huyu ndiye Iyad," aliandika Naufal. Na baada ya kitambo, ujumbe wa pili: "Mwulize chupa ilijaa kwa tone la ngapi."